Lita Mia Mbili

Bahari haivundi, walisema wa kale.
Hawakuiona hii yangu, sebuleni Uyole,
kati ya kabati la vyombo
na picha ya kipaimara ya Lugano.

Haipwi. Haijai. Hupungua tu,
nusu kidole kila siku mbili,
maji yakipaa kuufuata ukungu,
chumvi ikibaki nyuma kama mdhamini wa mkopo.
Basi naongeza maji matupu,
maji ya betri, ya duka la spea pale Mwanjelwa.
Muuzaji kaniuliza: “Mwalimu, una magari mangapi?”
Sina hata baiskeli. Nina matumbawe.
Akanirudishia chenji taratibu.

La kwanza lilikuja kwa basi la usiku,
kipande kama ukucha wa dole gumba,
ndani ya chupa ya chai iliyovishwa soksi.
Hakikuvunjwa baharini. Kilikatwa kwa mama yake
katika kioo kingine, Upanga,
na mtu aliyekuwa akihama, akilia kwenye simu.
Siku tisa kilijikunja kama ngumi.
Ya kumi, saa nne usiku, kikafungua
vijidole ishirini na vinne.
Nilihesabu. Nikahesabu tena.

Kisha mwani.
Kwanza vumbi la kahawia; nikasema ni taa.
Halafu zulia. Halafu nywele,
kijani cha sare iliyofuliwa miaka minne,
zikapanda mwamba, zikaziba bomba.
Nikasugua kwa mswaki.
Nikapunguza taa saa mbili.
Nikaleta konokono sita; siku ya tatu
nikawapa jembe, kama ada,
wakalima usiku kucha,
asubuhi shamba limeota upya.
Mimi ni mwalimu wa kemia, napima:
matone matano, tikisa, subiri dakika kumi.
Kijichupa kikaiva
rangi ya juisi ya rozela.
Naitreti. Kuna anayelisha.

Jumatano moja nikarudi mapema.
Mama kasimama juu ya kigoda,
kiganjani usipa wa Matema, alioutwanga mwenyewe,
anawanyunyizia samaki wawili
akiwabembeleza kwa Kinyakyusa.
“Mama!”
Hakushtuka. “Wananitazama tangu asubuhi.
Katika nyumba ya baba yako
nani aliwahi kutazama sahani ya mwenzake?”

Utamwelezaje mtu
kwamba ukarimu ukizidi huota nywele?
Nikamwambia jambo jingine:
kwamba ndani ya ngozi yake tumbawe hufuga mwani,
mdogo, hauonekani,
hulipa nyumba, nao hulipikia kwa mwanga.
Akafikiri, akifuta kiganja kwenye kitenge.
“Kumbe mwani si mbaya.”
Si mbaya.
“Ni wa ndani na wa nje tu.”
Sikuwa na jibu la darasani.

Julai umeme ukakatika saa tatu usiku,
baridi ile ya kupasua midomo.
Kipimajoto: ishirini na tano.
Ishirini na tatu.
Ishirini na moja na nusu.
Nikaenda kumwamsha; kitanda kitupu.
Yuko uani, jiko la mkaa limekolea,
anamimina maji ya moto katika chupa za soda,
anazifunga, anazifutia upindo wa kanga,
anaziacha zielee moja moja
kama anayelaza watoto.
Mimi napuliza hewa
kwa pampu ya baiskeli ya jirani, Mwakifwamba,
ambaye hakuuliza ni ya nini.
Mpaka alfajiri tulisemezana namba tu.

Umeme ulirudi saa kumi na moja na robo.
Vijidole vilifunguka saa nane mchana,
ishirini na vinne, na kimoja kichanga pembeni.

Mwani upo. Kona ya nyuma, kama nyusi.
Jumamosi natoa lita ishirini, naweka ishirini,
chumvi gramu mia saba; Mama ndiye mpimaji,
kwa mizani yake ya unga.
Kopo la usipa limehamia kabati la juu,
lenye kufuli.
Ufunguo anao yeye.